Mashine Ikiwa Bado

Nilimsahihishia karani mmoja wa majani chai sentensi yake, na kwa usahihisho huo nikakaribia kumwondoa kazini na kumwachia jina la mwizi. Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matano tu. Sielezi habari hii kwa kuwa nimekwisha kutulia. Sijatulia. Naieleza kwa sababu watu wa taaluma yangu hupenda kuamini kwamba makosa yao huishia ndani ya mashine, nami niliamini hivyo kwa muda mrefu mno.

Mimi ni mtoto wa nyumba za wafanyakazi. Baba alitoka upande wa ziwani akaja Kericho kuhudumu penye boila ya kiwanda, na sisi watoto tulikulia katika vyumba vilivyopangwa safu kwa safu chini ya mikaratusi, ambako mlango wa kushoto ulisema lugha moja na wa kulia nyingine. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, lakini kilikuwa Kiswahili cha kuokoteza, kila nyumba ikikikata kwa kipimo chake. Shuleni nilikutana na mwalimu aliyekisema kwa upatanisho kamili wa ngeli, nami nikakishika kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusahihisha. Nimesahihisha mabango ya kanisa, kadi za harusi, matangazo ya mazishi, na hata mahubiri, kimoyomoyo. Niliona kwamba anayelegeza lugha atalegeza na mengine, na tabia hiyo nikaiita uadilifu.

Kazi yangu ni kuandika na kutunza kiini cha mfumo unaoendesha mashine za kupimia majani mabichi. Mashine ya namna hiyo ina programu kadhaa: moja hupima, nyingine huchapisha risiti ya mkulima, nyingine hupeleka habari kiwandani. Chini yazo pana programu moja isiyoonekana, ambayo zote huiomba kila kitu, iwe ni kumbukumbu, faili, au njia ya kuzungumza na mizani. Hicho ndicho kiini. Ndani yake, mahali penye hatari, huwekwa kulabu za ulinzi. Kulabu ni mahali ambapo kazi hunaswa kidogo na swali kuulizwa: huyu anayetaka kuandika katika faili hii, ana ruhusa? Anayejibu ni mlinzi, nayo ni sehemu ya kiini iliyoandikwa kwa kazi hiyo tu.

Mlinzi wa mashine zetu nilimwandika mimi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Kila mzigo unapopimwa, mashine hutoa kwanza uzito wa gunia tupu, kisha huandika kilo za mkulima. Uzito huo wa gunia tupu haukupaswa kubadilishwa na yeyote ila karani mwenye namba ya siri ya kituo. Asiye na namba akijaribu, mlinzi angekataa na kuliandika kosa lake. Nilimwonea fahari mlinzi huyo. Nilipokuwa nikiwafundisha vijana wa ofisi niliwaambia kwamba ni mwaminifu kuliko sisi sote, kwa sababu hana ndugu wala rafiki.

Juu kidogo ya Sosiot kuna kituo cha kukusanyia majani: banda la mabati, nguzo nne, meza ya karani, na mizani ya sahani pana ya chuma. Wakulima wa hapo walianza kulalamika kwamba kilo zao zinakatwa. Mtu alipima gunia nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, akilifikisha kituoni limepungua kilo mbili. Kesho yake likawa sawa, keshokutwa likapungua tena. Karani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa mtaa huo huo, mama wa watoto wawili, aliyekuwa amekalia meza ile miaka sita bila lawama. Kiwanda, ambacho sitakitaja, kilinitaka niichunguze mashine na kutoa ripoti.

Sikwenda kituoni. Niliagiza mashine iletwe ofisini. Nikafungua orodha inayojiandikia yenyewe, nikaona kwamba uzito wa gunia tupu umebadilishwa mara kadhaa, daima asubuhi. Nikafungua orodha ya mlinzi nione amemkataza nani. Hakumkataza mtu. Basi nikajenga hoja, na ninaiandika yote hapa ili aibu yake ionekane. Hakuna awezaye kuubadilisha uzito huo bila namba, kwa kuwa mlinzi angemkataza. Mlinzi hakumkataza mtu. Kwa hiyo aliyeubadilisha alikuwa na namba, na mwenye namba ni mmoja. Hoja ilisimama wima kama ukuta uliopimwa kwa timazi, nami nikaipenda jinsi mtu anavyopenda kazi ya mikono yake.

Karani naye alitakiwa kuandika maelezo. Aliandika ukurasa mmoja kwa kalamu ya bluu, nao ukaletwa kwangu niuchape na kuuambatisha kwenye ripoti. Sehemu iliyohusu mashine ilisema hivi: "Mimi sijabadilisha kitu. Huwa nazima mashine juu betri imechoka. Napokea mizigo mashine ikiwa bado."

Nilikunja uso. Nikaanza kunyoosha. "Sijabadilisha kitu" ikawa "sikubadilisha chochote." Lile neno "juu," ambalo watu wa kwetu wamelifanya lichukue kazi ya "kwa sababu," nililing'oa kama magugu. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho niliona haijaisha. Mashine ikiwa bado nini? Mtu huyu, nikasema moyoni, hawezi hata kuifikisha sentensi nyumbani kwake. Nikamfikishia. Niliandika: "Hupokea mizigo mashine ikiwa bado nzima."

Neno moja. Wanakamati wa kiwanda waliokabidhiwa shauri hilo waliposoma ripoti, mwenyekiti alipiga mstari chini ya sentensi hiyo. Karani mwenyewe, walisema, amekiri kwamba mashine haikuwa na kasoro. Akasimamishwa kazi hadi kamati ikutane baada ya majuma mawili. Mahali pake akaletwa karani mwanamume kutoka kituo cha upande wa Kipkelion, na kuanzia siku aliyofika malalamiko yakakoma. Hapakuwa tena na la kubishania. Hata watoto wa yule mama walikwisha kupewa jina njiani kwenda shule, waliitwa "Kilo Mbili."

Ningepaswa kustarehe. Ripoti yangu ilikuwa imethibitishwa na matukio, jambo ambalo katika kazi hii hutokea kwa nadra. Badala yake nilishikwa na hali ya kutotulia ambayo sikuwa na jina lake. Nilikaa kwenye meza, nikainuka. Nilitoka hadi ukingo wa shamba, nikaangalia michai iliyokatwa sawasawa kama meza iliyotandikwa hadi bondeni, nikarudi, nikaketi, nikainuka. Alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati hata redio haikusikika, nami nikajikuta nimesimama dirishani kana kwamba namngoja mtu.

"Mara ya tisa hiyo," mke wangu alisema. Alikuwa anachambua mboga. "Kama kiti kina msumari, ung'oe. Kama hakina, keti, baba, unanizungusha kichwa."

"Nafikiri."

"Watu wengine hufikiri wameketi."

Kilichonichoma kilikuwa kitu kidogo. Nilikuwa bado ninayo karatasi ya karani, nami niliitazama tena na tena bila kuisoma. Alikuwa amepiga pambizo kwa rula. Herufi zake zilikaa juu ya mistari bila kuyumba, na kila sentensi iliishia kwa nukta iliyokolezwa, ikiwamo ile ya mwisho. Mtu anayepiga pambizo kwa rula, ilhali kesho huenda akafukuzwa kazi, hawezi kuwa mtu wa kuacha sentensi njiani. Aliweka nukta kwa sababu alikuwa amemaliza. Kama alikuwa amemaliza, alisema nini?

Siku ya tatu baada ya wazo hilo nilikwenda kituoni, ambako ningekwenda tangu mwanzo kama ningekuwa mtu mwenye bidii kama ile ninayoihubiri. Ilikuwa asubuhi ya mchumo. Usiku kulinyesha, na udongo mwekundu mbele ya banda ulikuwa umegeuka uji. Wanawake waliovalia aproni za plastiki walikuwa wamepanga foleni, magunia mgongoni, maana majani yakigusa matope hukataliwa, na pakavu palikuwa ndani ya banda tu, palipojaa. Karani wa muda aliwasili na lori dogo, mashine mikononi, imeshawaka. Baadaye niliambiwa ana betri mpya na huiwashia nyumbani kwake, juu ya meza ya chakula.

Mbele kidogo yangu alisimama bibi mmoja aliyeinama chini ya gunia lake. Wote walimwita kogo, kama wanavyowaita nyanya huko. Kwa kuwa karani yule hakujua Kikipsigis, lugha ya huko, kogo alimgeuzia Kiswahili.

"Wewe! Nitue hii mzigo."

"Kogo, ngoja zamu," karani alisema bila kuinua macho. "Watu watatu tu wako mbele."

"Zamu ni ya nini? Hii mgongo haijui zamu."

"Nikikupendelea wewe, hawa watanila."

"Nani atakula mtu amekonda hivyo?" mwanamke mmoja akasema nyuma, na foleni ikacheka.

"Yule msichana wetu," kogo akaendelea, akiinua sauti ili asikike na wote, "nikifika tu, ananitua. Hata hajasalimia. Anatua kwanza, halafu ndio chamgei."

"Anakutua aweke wapi, na kote ni matope?"

"Si kwa mizani! Wapi kwingine kukavu? Mashine ikiwa bado, mimi nimeshatuliwa, nimeketi, nakunja miguu."

Niligeuka. Nikasogea. "Samahani, mama. Umesema mashine ikiwa bado nini?"

Alinitazama kuanzia viatu. "Bado."

"Bado nzima? Bado mpya?"

"Bado!" Aligeukia wenzake kuomba msaada. "Huyu anatoka wapi?"

"Bado haijaamka, baba," mwanamke wa nyuma akaniambia polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa dawa. "Umeiwasha, inajipanga, inaandika-andika, haijawa tayari. Iko bado. Kwani kwenu mashine ikiwa bado mnasema aje?"

"Kwao inaamka ikiwa imevaa tai," mwingine akasema, na safari hii hata karani wa muda alicheka.

Sikucheka. Nilimtua kogo gunia lake, nikalishika mwenyewe mikononi hadi zamu yake ilipofika, na katika dakika hizo nikaona kosa langu zima, kuanzia ncha moja hadi nyingine, jinsi mtu anavyoona bonde ukungu unapoondoka ghafla.

Mashine ikiwashwa haiamki yote kwa pamoja. Kiini huziita sehemu zake moja baada ya nyingine, kwa madaraja: kumbukumbu, saa, vifaa, mafaili, na mwishowe zile ambazo mwandishi amesema zinaweza kungoja. Mtengenezaji wa mizani alikuwa ameacha programu ndogo ambayo, mizani inapoamka, huiangalia sahani na kudhani kwamba kilichopo juu yake ni gunia tupu. Ili isipotoshe mno, iliwekewa kikomo cha kilo mbili. Niliijua programu hiyo. Mlinzi wangu alikuwa na amri ya kuikataza. Lakini mlinzi mwenyewe alikuwa ameandikishwa katika daraja la mwisho. Katika zile sekunde chache kabla hajasimama, programu ilitaka kuandika, kulabu ikanasa na kuuliza kama ilivyopaswa, na hapakuwa na wa kujibu. Kiini kimefunzwa kwamba pasipo na mlinzi, jibu ni pita.

Ikapita. Mlinzi aliposimama, kazi ilikuwa imekwisha. Hakuandika kwamba amekataa, wala kwamba ameruhusu. Nami nilikuwa nimeichukua karatasi yake tupu nikaisoma kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Kwingine jambo hilo halikuonekana, kwa kuwa makarani wengine huwasha mashine sahani ikiwa tupu. Kwa huyu wa Sosiot, betri ilichoka, akawa anaizima na kuiwasha kati ya kundi na kundi. Na kila alipoiwasha, palikuwa na mzee wa kutuliwa mzigo kabla ya salamu, na sahani ndiyo iliyokuwa kavu. Adabu yake ilikuwa imeingia kabla ya mlinzi wangu. Kilo mbili za kila aliyefuata zilikatwa kwa sababu yeye alimtua bibi mzigo na mimi nilipanga vibaya.

Niliporudi ofisini nilifungua nilichoandika, ingawa nilikwisha kujua nitakachokikuta. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimemweka mlinzi mbele kabisa, kama inavyotakiwa. Mashine ikagoma kuamka. Mlinzi aliitaka orodha ya sheria zake, nayo ilikuwa katika faili, na mafaili yalikuwa hayajafunguliwa. Basi akakataa kila kitu, pamoja na kufunguliwa kwa mafaili yenyewe. Kesho yake mashine zilikuwa zinapelekwa vituoni. Nilimsogeza hadi mwisho, mashine ikaamka, tukapeana mikono. Kando ya mstari huo nilikuwa nimejiandikia maelezo, kwa Kiswahili kisicho na doa: "Kwa muda. Atarudishwa mbele baadaye."

Nimewakemea watu wengi katika maisha yangu kwa maneno kama hayo. Fundi aliyefunga bomba kwa kamba. Mzazi aliyesema atampeleka mtoto kliniki wiki ijayo. Niliwaambia kwamba anayeahirisha wajibu ameukana, ila hana ujasiri wa kusema. Niliyatazama maneno yangu kwenye kioo cha kompyuta, nikainuka, nikaketi, nikainuka.

Kesho yake nilikwenda kwa karani aliyesimamishwa. Nilimkuta shambani kwake akichuma, kikapu mgongoni, vidole vikienda juu ya machipukizi bila yeye kuvitazama. Aliniona tangu njiani na hakusimamisha kazi.

"Karibu, injinia. Leo umekuja kusahihisha nini?"

Nilimweleza. Sikuwa na ufundi wa kueleza mbele yake; nilianza na madaraja ya kiini, nikarudi kwenye kulabu, nikajikwaa. Alinikatiza.

"Kwa hiyo mashine ikiwa bado, mlinzi wako pia yuko bado."

"Ndiyo."

"Si ndivyo niliandika?"

"Ndivyo ulivyoandika. Mimi sikukuelewa."

"Hapana," alisema, na sasa vidole vikasimama. "Kutoelewa si dhambi. Ungeuliza. Mimi walinisomea ile karatasi yako mbele ya watu. Nikawaambia, hii sentensi si yangu. Wakaniambia ni yako, mama, imepigwa pasi tu." Akatupa konzi ya majani ndani ya kikapu. "Mtu anakupigia pasi mpaka unaungua, halafu anakuambia umependeza."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njiani, na ulikuwa na sentensi ndefu.

"Usiniombe hapa kwa majani," alinikata tena. "Hapa tuko wawili. Jina langu halikuharibikia hapa. Alhamisi kamati ikiniondoa, hakuna kituo kingine kitanichukua. Hao makarani wote wanajuana. Na hata wakinirudisha kwa barua, foleni itasema nina mtu kiwandani. Ukitaka kusema, sema kwa foleni."

"Nitasema kwa kamati kwanza."

"Sema kwa kamati. Halafu kwa foleni."

Kamati ilikuwa ya watu watano, ikakutana katika chumba cha kiwanda kinachonukia majani yanayonyaushwa ghorofani. Ilifunguliwa kwa sala. Karani alikaa karibu na mlango, sweta limefungwa vifungo vyote. Niliomba kuzungumza kabla ya ripoti kusomwa, nikasema kwamba ripoti ni ya uongo.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alivua miwani. "Si wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi."

"Na leo unaipinga."

"Naipinga, mwenyekiti."

"Injinia," mjumbe mmoja akasema, "hiyo kompyuta ndiyo imekuchanganya Kiswahili, ama Kiswahili ndicho kimekuchanganya kompyuta?"

Walicheka, nami nikangoja. Nilikuwa nimejifunza shambani kwamba maelezo yangu hayamfai mtu, kwa hiyo nilileta mizani. Nikaiwasha sahani ikiwa tupu, nikapima mtungi wa maji: kilo ishirini. Nikaizima. Nikamwomba mwenyekiti mkoba wake mzito wa ngozi, nikauweka juu ya sahani, nikaiwasha tena mbele ya macho yao. Ilipokuwa tayari niliuondoa mkoba, nikaurudisha mtungi ule ule. Mashine ikaonyesha kumi na nane.

"Maji yamekwenda wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Nikauacha mtungi juu ya sahani. Nikafungua orodha ya mlinzi, nikawaonyesha kwamba hakuandika kitu. Kisha nikatoa karatasi ya karani, ile ya kalamu ya bluu, na kuisoma kama ilivyokuwa, pamoja na "juu" yake na "bado" yake, nikasimama kwenye nukta. Nikasema neno "nzima" ni langu, halikuwamo, na kwamba niliyempa shahidi neno lisilo lake nimetoa ushahidi wa uongo, hata kama nilidhani nanyoosha sarufi.

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Naye alikuwa amesahihisha madaftari kwa miaka thelathini. "Hata mimi nilipiga mstari chini yake," alisema. Kisha akamgeukia karani. "Mama, una la kusema?"

"Nilishaandika," karani alijibu.

Walimrudisha kazini siku hiyo hiyo, na kuhusu kilo zilizokatwa wakakubaliana kuzirejesha kwa wakulima. Sikupewa adhabu ila kutengeneza nilichoharibu. Nilimrudisha mlinzi mbele ya vifaa vyote, na safari hii nikampa sheria zake ndani ya kiini chenyewe, asingojee faili. Nikabadilisha pia jibu la kulabu isiyo na mlinzi, isiwe pita. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Siku nne, na nilikuwa nimeiahirisha miaka miwili.

Jumatatu nilikwenda Sosiot na mashine. Karani alikuwa mezani pake. Hakuniamkia zaidi ya inavyolazimu. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi walimtazama yeye, si mimi. Walimtazama kama watu wanaohesabu vidole vya mtu. Nilisimama mbele ya banda, nikajitambulisha, nikasema kwamba kilo zilikatwa na mashine, kwa sababu ya kosa langu nililolijua nikaliahirisha, na kwamba nilipotakiwa kusema ukweli niliandika jina la mtu asiyehusika. Nilisema kwa maneno mafupi. Sikutumia hata moja ambalo mtu angehitaji kuliuliza.

Mwanamume mmoja mwenye viatu vya gambuti, aliyekuwa katikati ya foleni, alikohoa. "Kwa hiyo mwizi alikuwa wewe."

Midomo yangu ilianza kujipanga. Kuna tofauti kati ya mwizi na mzembe. Ningeweza kuieleza vizuri, kwa mifano. Nilimtazama karani. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kitabu chake, kalamu imesimama, akingoja, na nikaona kwamba hakuwa akimngoja yule mwanamume.

"Kama kilo zilitoka mkononi mwa mtu," nilisema, "zilitoka mkononi mwangu."

"Haya," yule mwanamume akasema. Akageuka kwa karani. "Mama, basi mimi niliongea vibaya kwako pale sokoni."

"Uliongea," karani alisema. "Lete mzigo."

Alileta. Wa nyuma yake akaleta. Karani alisoma kilo kwa sauti, moja moja, juu zaidi ya ilivyohitajika, na kila mtu aliyechukua risiti aliiangalia, akaikunja, akapita. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo magunia yaliyopimwa huwekwa, na karani, bila kuinua uso, akaniambia nisogee, nazuia njia. Nikasogea nje ya banda. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyenikaribisha chini ya mabati, nami nikabaki nimesimama hapo, nikibadilisha mguu mmoja kwa mwingine, hadi lori lilipofika.